Kwa Hiari Yangu

Mkuu wa kitivo hakuja na amri, alikuja na kalamu.
Kalamu moja, wanafunzi mia na arobaini,
ikapita mkono kwa mkono kama kikombe cha maji msibani:
Mimi, fulani binti fulani, kwa hiari yangu mwenyewe,
naomba niende kuchuma pamba.

Neno hiari nililikosea herufi.
Akanirudishia karatasi.
"Andika tena," akasema. "Hiari haina makosa."

Ubaoni ilibaki nusu ya moyo.
Mwalimu Hakimova alikuwa amechora vyumba viwili vya kulia
mabasi yalipoanza kunguruma uani.
"Vya kushoto," alisema akikung'uta chaki, "tutavichora mkirudi."
Tulirudi theluji imeshagusa mapaa ya Namangan.
Mtaala ulikuwa umekwishafika kwenye figo.

Kule bondeni tulilazwa katika shule ya chekechea,
miguu ikining'inia nje ya vitanda vya watoto;
ukutani, juu ya kichwa changu, bata aliyevaa kofia.
Kilo sitini kwa siku.
Pamba, nyinyi mnaoivaa, ni nyepesi mkononi,
nzito daftarini.
Maganda yake yana kucha. Yalituchana vidole
vile vile tulivyoahidiwa kwamba siku moja
vitashika kisu bila kutetemeka.

Oybarchin alifikisha thelathini na nane.
Jioni jina lake likasomwa kwa kipaza sauti
pamoja na jina la baba yake,
mwalimu wa hisabati, mbali, ambaye hakuchuma hata tumba moja.
Kesho yake akalichovya gunia mferejini.
Maji nayo yana kilo.
Mzee wa mizani akatia mkono, akahisi ubaridi,
akamtazama kitambo,
akaandika: sitini na moja.
Sikupata kumjua jina. Lakini watu wanaposema "serikali"
yeye pia hunijia, na kofia yake iliyofifia,
nikashindwa kulaani kwa kinywa kipana.

Pamba ni mmea. Pamba ni amri vilevile:
pamba barabara, pamba ukuta, pamba takwimu,
mgeni anakuja!
Akaja, viatu vyake vikiogopa matope.
"Binti, mnajifunza nini hapa?"
Muqaddas akanyoosha vidole:
"Mzunguko wa damu, mheshimiwa."
Mgeni alicheka. Mkuu wa kitivo hakucheka.

Desemba Muqaddas akakatwa posho.
Sababu, kwa maandishi, na muhuri wa duara:
utoro wa siku arobaini na mbili,
Septemba hadi Oktoba.
Alikwenda na karatasi ile mlango hadi mlango.
Kila ofisi ilikuwa na mtu mpole,
kila mtu mpole alikuwa na pamba masikioni.
Sasa anauza vitambaa vya mapazia sokoni, hupima kwa mkono,
na hakosei hata inchi.

Vyumba vya kushoto nilijifunza peke yangu
katika kitabu cha kuazima, taa ikikatika katika kama mtu mwenye kwikwi.
Ndiyo maana hata leo, nikiweka sikio kifuani pa mgonjwa,
upande ule nausikiliza mara mbili.

Mabasi yale hayaji tena. Nashukuru, sijui namshukuru nani.
Kila asubuhi nachana pamba kwenye bunda jeupe, safi, la hospitali,
na kabla haijagusa spiriti mkono wangu umeshaipima:
gramu mbili. Gramu tatu.
Hakuna aliyeniuliza.

Wiki iliyopita aliletwa kijana wa miaka kumi na tisa,
mwanafunzi wa ujenzi, kidole tumbo.
Nesi akampa fomu ya upasuaji, nami nikampa kalamu.
Mimi, fulani bin fulani, kwa hiari yangu mwenyewe.
Alikuwa ameshaiweka kalamu kwenye mstari,
upesi, kama mtu aliyezoea.

Nikaushika mkono wake.
Soma kwanza, nikamwambia.
Soma yote.
Bado kuna wakati, nitasubiri.