Ukurasa wa Ishirini na Moja

Hilal kanitumia faili saa sita mchana,
kurasa thelathini na nne, shajara ya ukoo,
na sauti ya sekunde kumi na moja:
"Rayya, panga nafasi tu. Majina usiyaguse.
Ijumaa linasomwa sablani."

Haya. Nafasi ndiyo kazi yangu.
Hapa Ibra, nyuma ya soko la wanawake,
mwaka wa tisa huu nawapangia watu nafasi:
pambizo za mikataba, vichwa vya barua za mahakama,
tarehe ya kuzaliwa ya mchunga ngamia
ambaye mamake alikumbuka mvua, mwaka hakuukumbuka.

Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye kopo la samli.
Nauma mkate wa chipsi, nafungua.

Watu hudhani PDF ni unga, unakanda upendavyo.
Si unga. Ni chapati ya jana:
ukiivuta huku, inapasuka kule.
Nilinakili jina moja la Kiarabu, nikalibandika,
herufi zikaachana mikono,
zikasimama mojamoja, kinyumenyume,
kama watoto waliogombana kwenye foleni ya shule.
Fonti haikuwamo. Hamza iligeuka kisanduku kitupu.
Nikaitafuta fonti, nikaitia, nikawashikanisha tena,
Khalfan na babake, Ghusein na babake,
nikanyoosha mistari, nikafuta madoa ya skana,
nikashuka, nikashuka,
mpaka ukurasa wa ishirini na moja.

Hapo wamo baba na ami zangu,
wanaume wanne katika mstari mmoja,
wamechipuka kwa babu kama uyoga.
Wake wa ndugu yake wametajwa wote watatu,
kwa herufi za mlazo, binti fulani wa kabila fulani.
Ubavuni mwa babu
pana uwazi wa sentimita mbili.

Nafasi, alisema Hilal. Panga nafasi.

Bibi yangu Mwatumu binti Feruzi
alikuja na babu kutoka Tabora.
Alinifundisha kuhesabu akichambua tende:
moja, mbili, tatu, mbovu, tano.
Hadi leo nikifika nne nasita.

Nikaliandika jina lake. Jeusi, saizi kumi na mbili.
Likamkalia ami Saidi kifuani.
Nikalipunguza, likampanda begani.
Nikacheka peke yangu. Ndivyo alivyokuwa.
Saizi nane likaenea. Nikatuma.

Dakika mbili hazikupita.
"Ukurasa wa ishirini na moja pana kitu. Kifute."

Kitu.

Nikaandika: sawa.
Nikalichagua jina, likavaa buluu kutoka mwanzo hadi mwisho,
kidole changu juu ya kitufe.
Mteja mlangoni akauliza kama natoa fotokopi.
Natoa, nikamwambia, baisa hamsini, subiri.
Kisha, badala ya kufuta,
nikafungua kisanduku cha rangi
na kuchagua nyeupe.

Likatoweka mbele ya macho yangu.
Nikaliandika mara ya pili kando yake,
moja kwa herufi zianzazo kulia,
moja kwa herufi zianzazo kushoto,
yote mawili meupe juu ya weupe.
Hilal akafungua, akapaona pasafi.
"Ahsante, fundi. Sasa pamepangika."

Ijumaa zilichapishwa nakala sitini.
Nilipokea yangu, nikaipeleka dirishani,
nikapapasa pale kwa kidole. Karatasi tu.

Lakini faili limo katika simu zao wote,
Seeb, Sharja, Doha, kwa wajomba na wakwe,
na siku moja mtoto atakayelisikia jina jikoni
ataliandika mahali pa kutafutia,
M, w, a,
na kurasa zitakimbia zenyewe,
zitasimama ishirini na moja,
na ubavuni mwa babu, pasipo na neno,
patawaka manjano
upana wa jina moja.