Mdaiwa ni Baba

Bahasha ilifika Jumanne. Mama wa posta akataka sahihi,
na Ludomir Gronowski, miaka sabini na mmoja,
aliyepika rangi za vitambaa kiwandani Łódź
hadi kucha zake zikakataa kurudi nyeupe,
akaisoma akiwa wima, kofia bado kichwani.
Mdai: mtoto wako.
Mdaiwa: wewe.

Ndivyo ilivyokuwa sheria ya huko miaka ile.
Ukitaka karatasi zikuite ulivyo
huendi kwa karani, unakwenda kwa jaji,
na humshtaki jirani wala serikali.
Unawashtaki waliokuzaa,
kwamba siku ile, wodini, ilisomwa vibaya.

Mkewe alishazikwa; shauri lilimkuta peke yake.
Akamenya viazi vya kulisha watu wanne,
akaviacha majini.
Saa tatu usiku akapiga simu.
"Nimekukosea nini hata tufikishane kortini?"
"Hukunikosea, baba. Ni fomu tu."
"Fomu ina jina langu."
"Zangu zote hazina langu."

Hapa nikatize kidogo, nieleze jambo.
Katika lugha yao kitenzi cha jana kina mkia,
wa kike ama wa kiume, na hupiti bila kuuonyesha.
Sisi tunasema *alikuja*,
na aliyekuja ameshaingia, ameshapewa kiti.
Wao wanamsimamisha mlangoni kwanza.

Kwa hiyo, miaka minne, mzee alijifunza kukwepa.
Akaongea na mtoto wake kwa wakati uliopo tu:
Unalala? Unafanya kazi? Kuna baridi.
Wakati uliopo hauna mkia.
Wakaishi hivyo, watu wawili wasio na jana.

Jagoda, ndilo jina alilojichagulia.
Ni tunda dogo la porini, ukilila
ulimi hauwezi kukana.
Ana miaka thelathini na minne, fundi wa meno bandia;
anajua kukifanya kitu kikae mdomoni
mpaka mwenyewe asahau kuwa kiliwahi kukosekana.

Februari. Korido ya mahakama, benchi refu.
Kati yao nafasi ya mtu mmoja, na kofia juu yake.
Ripoti za madaktari, kurasa kumi na tisa,
jaji mwenye mafua, akifungua peremende chini ya meza.
"Mdaiwa anapinga madai?"

Ludomir alikuwa ameandika maneno kwenye kikaratasi.
Akakitafuta mfuko wa kulia. Wa kushoto.
Akaacha.
"Mama yake alipougua," akasema,
"alikuja kila Jumapili. Alimwosha miguu.
Mimi nilishindwa. Yeye aliweza."

Karani akaendelea kupiga taipu.
Jaji akapenga kamasi.
Jagoda akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kwa Kiswahili siwezi kukuonyesha.
Nimeandika *alikuja*, nimeandika *alimwosha*, *aliweza*,
nawe umepita bila kujikwaa.
Lakini mle chumbani, mara tatu mfululizo,
mkia ulikuwa wa kike.

Kisha yakafuata ya ofisini, kwa miezi.
Cheti cha kuzaliwa hakikuchanwa;
waliongeza mstari pambizoni, wakagonga mhuri.
Kwenye jina la ukoo *i* ikatoka, *a* ikakaa: Gronowska.
Kwenye namba ya utambulisho, tarakimu ya kumi,
iliyokuwa witiri, ikawa shufwa.
Benki walimpigia simu mara mbili wakimwulizia marehemu fulani,
yaani yeye wa zamani. Akacheka, kisha hakucheka.

Ila siku ile ya Februari walitoka tu nje,
theluji chafu, tramu namba kumi na mbili imewaacha.
"Kwa hiyo mimi nimeshindwa kesi," mzee akasema.
"Umeshindwa, baba."
"Aliyeshindwa ndiye hulipa."
Wakaingia mgahawa wa bei nafuu, supu ya kiazisukari,
meza inayocheza. Akakunja leso, akaikingia mguu wa meza,
halafu, akiwa bado ameinama, asimtazame:
"Ulikula asubuhi?"

Sentensi ndogo, na ya jana, na ina mkia.
"Sikula," Jagoda akajibu,
kwa mkia wake mwenyewe.