Kitabu cha Risiti

Makumbusho yetu ya Tororo yamepanga chumba
nyuma ya mashine ya kusaga ya Hajati Zubeda.
Mota ikiamka asubuhi, picha ukutani hutetemeka:
maharusi wa mwaka hamsini na saba
hucheza tena, wenyewe hawajui kwa nini.
Unga huingia chini ya mlango.
Jembe la kale lina mvi. Kengele ya stesheni ina mvi.
Mimi, mweka hazina, hutoka humo nimezeeka.

Hajati hana ubaya. Anataka kuleta mashine ya pili.
Ametupa hadi Desemba.

Kiwanja tunacho, kando ya reli.
Kuta zimefika kwenye linta zikasimama hapo
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Mabati mia moja na arobaini. Mbao. Misumari.
Na saruji, jamani, saruji:
katika mji ambao vumbi lake
hutua juu ya chai yetu bila kualikwa,
tunakosa mifuko kumi.

Basi nikapewa kitabu cha risiti,
nakala mbili mbili, kaboni katikati,
nikatumwa mitaani.

Nilijua upesi jinsi mji unavyojificha.
Owere, fundi wa redio, ghafla hayupo,
na viatu vyake viko chini ya meza, na miguu imo ndani.
Mwalimu Apio aliniahidi mwisho wa mwezi,
hakusema mwezi gani.
Tajiri mmoja (jina nalihifadhi, huenda akabadili nia)
aliuliza kama kengele inauzwa.
Akataja bei. Ilikuwa mabati yote, na dari juu yake.
Kikaoni nilinyoosha mkono iuzwe.
Mkono ulikuwa peke yake hewani.
Nikaushusha polepole, kama mtu aliyekuwa anajikuna tu.

Ijumaa nikafika kwa Nyafwono, muuza mukene.
Hakujificha. Alikitazama kitabu, kisha akanitazama pua.
"Pua hiyo ni ya Okumu, chifu wa muluka."
Nikakubali. Ni babu yangu.
"Babu yako alikuwa na kitabu kama hicho.
Akija, baba yangu hulala kwenye mtama siku mbili,
na sisi tumefundishwa kusema: kaenda Busia.
Mwaka mmoja alikuja mtama umeshavunwa."

Akampimia mteja kikombe, akaongeza kidogo.
"Wanaume saba, kamba moja. Kodi ya kichwa.
Aliuza mbuzi akalipa. Hata risiti hakupewa."

Nilitaka kusema kwamba tuna droo nzima
ya tiketi za kodi, zimepangwa kwa herufi,
na kwamba wageni huipita
wakikimbilia ngoma.
Sikusema. Inzi walikuwa na maneno kunizidi.

Akafungua fundo la leso. Noti za elfu moja,
zinanuka ziwa. Akahesabu kumi na tano,
akazirudia tena, kwa sababu ya pua yangu.
"Andika Oboth."
Nikaandika Oboth.
"Andika amelipa."
Fomu haina nafasi ya neno hilo;
ina Kiasi, ina Tarehe, ina Sahihi.
Nikaliandika pembeni, nikakandamiza kalamu
mpaka kaboni ikalifikisha chini.

Hakunishukuru, wala mimi sikumshukuru.
Aliikunja mara nne akaiweka chini ya mzani,
akaita mteja mwingine.

Elfu kumi na tano haifiki nusu ya bati.
Kurasa zimebaki sabini na mbili.
Jana usiku, mota ikiwa imelala,
nilivuta ile droo, nikapuliza unga,
nikapekua herufi O kutoka mwanzo.
Oboth hayumo.
Nikaichana nakala yangu kitabuni, nikaitia mahali pake.

Mkaguzi ataniuliza namba kumi na nane iko wapi.
Nitamwonyesha.
Ila kwanza akate tiketi mlangoni, kama watu wote.