Swichi Imekwisha Lala

Nililipima kwa mizani ya Ngumbao, mnunuzi wa vyuma chakavu:
kilo arobaini, akasema, na nusu yake kutu.
Alicheka peke yake.
Kwa futikamba ya fundi cherehani, toka kitovu hadi ukingo,
sentimita thelathini.
Ni bapa, chuma kitupu, halina tobo wala spoki,
kwa hivyo kitabu kinaniruhusu ile nusu:
nusu ya uzito, mara nusukipenyo, mara nusukipenyo tena.
Moja nukta nane.
Huo ndio ukaidi wa gurudumu,
namna linavyogoma kuanza
na, likishaanza, linavyogoma kuambiwa basi.

Baba alilipata pamoja na mashine nzima ya miwa,
akaiegemeza Guraya, ubavuni mwa duka la nazi.
Miaka kumi na mmoja lilizunguka mara mia na hamsini kwa dakika,
mashine ikameza muwa, ndimu, kipande cha tangawizi,
ikatema povu la kijani ndani ya jagi.
Kisha ikaja Ramadhani ile, foleni ikafika mlango wa msikiti,
na baba akabadilisha puli.
"Nimeongeza mara mbili tu," alisema. "Si kitu."

Mara mbili tu.

Nilichora mstari wa chaki kwenye ukingo,
nikaurekodi kwa simu, nikapunguza mwendo wa picha
hadi mstari ukatambaa kama jongoo:
mizunguko mitano kwa sekunde.
Sasa, kasi hujizidisha yenyewe kabla ya kuingia kwenye hesabu,
kama deni la mtu asiyeweka daftari.
Zamani: jouli mia mbili ishirini na mbili,
za kuliinua gurudumu lilo hilo hadi gotini.
Kwa puli mpya: mia nane themanini na nane,
za kulipitisha juu ya fremu ya mlango.
Desimali nilizitupa.
Baba aliomba mbili, akapewa nne.

Na alizima. Hilo nalishuhudia, nilikuwa naosha glasi.
Swichi ililia ta, mota ikanyamaza,
adhana ilikuwa karibu, ganda la muwa limekwama,
akalifuata kwa kidole.
"Nilizima," alimwambia daktari wa Makadara.
"Nilizima," alimwambia mama, na Shee wa nazi,
na kila aliyekuja kumpa pole,
utadhani tumemshitaki.
Kilikuwa kidole cha shahada.
Siku hizi, kwenye tahiyatu, kinachonyanyuka ni kigutu.

Baba hajui aljebra. Anajua mizani ya aina nyingine,
nane kwa nane, vina kati na mwisho.
Basi nikamwandikia nyuma ya risiti ya hospitali:

*Robo ya uzito twaa, uzidishe kwa makini,*
*Nusukipenyo hukaa, mara mbili mizanini,*
*Kasi nayo yajizaa, ikijirudia ndani,*
*Swichi imekwisha lala, nguvu ingali chumani.*

Aliusoma mara mbili, midomo ikihesabu.
"Mizani imetimia," alisema.
"Ila mstari wa mwisho umekitupa kina cha kati."
Akaugeuza upande wa bei ya bendeji, akaurudisha.
"Na kidole changu, umekiweka wapi humu?"

Nilipita tena kote: robo, uzito, nusukipenyo, kasi.
Sikukiona.
Jouli zake ni chache mno, ningezitupa pamoja na desimali.

Puli ya zamani imerudi. Foleni imepungua, na nzuri iwe.
Kila jioni, swichi ikilia, baba huficha mikono mgongoni
na kuhesabu kwa sauti, akiufuata mstari wa chaki
unaopita, unaopita, unaochelewa kupita.
Hufika saba. Nane.
Tisa.
Pale pa kumi hunyamaza,
akalitazama tu.