Lita Mbili

Kila Jumatatu kioo cha kupimia kilisema neno lilelile:
mafuta yamepungua.
Lita mbili. Wiki iliyofuata, mbili na robo.
Na chini ya kikatapila, kwenye udongo mweusi wa Ahero,
hata doa la ukubwa wa shilingi hakuna.

Nilikinunua mkono wa pili, pengine wa nne,
kwa dalali wa Nakuru mwenye meno mazuri.
Rangi mpya juu ya kutu ya zamani,
kiti kimeshonwa upya kwa gunia,
saa ya injini imegota kwenye elfu nne na kitu
kama mtu aliyechoka kuhesabu miaka yake.
Kazi yake hapa kinuni ni moja: kusukuma makapi ya mpunga,
mlima unaoota tena kabla hujafuta jasho.

Mafuta hayana miguu, nikasema.
Mwenye miguu ni Ogalo, dereva wake.
Sikumwambia yeye. Nilimwambia muuza chai,
na Ahero ni mji mdogo, chai husafiri.
Nikaanza kufunga stoo. Nikaanza kuhesabu makopo.
Ogalo akaanza kunisalimu akitazama viatu vyangu.

Ijumaa akaja Fundi Awuor kutoka Kisumu,
sanduku la spana nyuma ya pikipiki.
Hakuuliza nani.
Aliuliza wapi.
Aliinua mikono ya mashine, akaitia pini ya usalama,
akanikemea nilipotaka kupapasa hozi:
“Toa kiganja! Uzi wa mafuta yenye presha ni sindano.
Namjua mtu aliyeacha kidole hospitalini.”

Akaosha kila kitu kwa mafuta taa, akakausha kwa tambara,
kisha, nikacheka, akatoa kopo la poda ya mtoto
akakipaka chuma kizima
kama mwana aliyetoka kuogeshwa.
Injini ikanguruma. Ndoo juu. Ndoo chini.
Naye na kipande chake cha kadibodi
akikipitisha kwenye kila kiungo, polepole,
kama anayesikiliza kwa mkono.

Pampu, kavu.
Silinda ya kushoto, kavu. Ya kulia, kavu, ila imekwaruzwa.
Nyuma ya kanyagio, chini ya vali,
mstari mmoja ukaanza kushuka kwenye weupe,
chozi la mtu asiyetaka kuonekana.
“Tone haliangukii linapozaliwa,” akasema,
akalifuata kwa tochi:
juu ya fremu, kando ya waya, likajificha ukingoni,
likazama gizani, kwenye bamba la tumbo.

Tulifungua boliti saba. Ya nane ilikatika.
Bamba likashuka zito kama sufuria ya harusi,
na ndani yake makapi, makapi yaliyolewa,
keki nyeusi nene kuliko msahafu,
yamekunywa kila lita niliyomdai Ogalo
bila kumpa hesabu.
Awuor akakamua konzi moja.
Mafuta yakapita kati ya vidole vyake.
“Mwizi wako ndiye huyu,” akasema, akajifuta surualini.

Kwenye kiungo cha vali tukakuta oringi ya bomba la maji,
ya shilingi kumi, imepasuka kama kucha.
Mtu kabla yangu aliiweka, labda jioni, labda mvua ikinyesha,
akasema: itafika kesho.
Ilifika kwangu.

Mpya ilichukua robo saa.
Poda ikabaki nyeupe.

Muda wote huo Ogalo alisimama mlangoni na sepetu.
Hakuna spana inayofungua
neno lililokwisha kukazwa kwa muuza chai.
Nikampa ufunguo wa stoo. Akaupokea,
akautundika kwenye msumari ulipokuwa zamani,
akaanza kuzoa ile keki gunia kwa gunia.
“Mjomba anachoma matofali,” akasema. “Haya yatawaka.”
Nikalibeba gunia la mwisho hadi kwenye baiskeli yake.
Lilichuruzika njia nzima,
na safari hii doa lilionekana,
begani, kwenye shati langu.