Hewa ya Tauno

Kemijärvi, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Hita ya Saab inapuliza baridi,
mshale wa joto unapanda, unashuka,
hauna msimamo.
Fundi alisema: thamostati.
Halafu: rejeta.
Halafu: mama, nunua gari jingine.

Irmeli kapapasa kila mpira, hakuna unaovuja.
Tauno angetukana kwanza, kisha angeipata.
Yeye hatukani. Anafungua kifuniko,
anaminya mpira wa juu polepole
kama anayemcheulisha mtoto mchanga:
kiputo,
kimya,
kiputo kingine.
Hewa iliyonasa humo tangu kiangazi,
tangu marehemu alipojaza kulanti kwa haraka, kahawa ikimsubiri.

Anasita kabla ya kuminya tena.

Anaminya.

Ndani ya buti, vidole vinaanza kuuma:
joto limefika.