Tundu la Kusudi

Miezi minane kazi yangu ilikuwa kuziba.
Kila mshono wa plaiwudi niliupaka gundi,
nikausugua kwa msasa, nikaupaka tena,
hadi kayaki ikawa kama yai la kuku.
Leo nimeilaza kifudifudi juu ya madawati mawili
na kwa penseli ya Nangobi
nachora mahali pa kuitoboa.

Kosa ni la upepo wa Masese.
Jumapili ile nilipoishusha ziwani
nikielekea kisiwa cha Kisima,
pua iligeukia upepo unakotoka
kama ng'ombe aliyeitwa jina.
Nikapiga kasia kulia mara sita, kushoto mara moja,
kulia sita, kushoto moja,
mabega yanawaka,
nami nachora nusu duara kurudi nilikotoka.
Wanawake waanikao mukene ufukoni
waliniuliza kama nimesahau kitu nyumbani.

Bikadho, fundi wa baiskeli, hakucheka.
Aliinama, akapapasa mkia wa kayaki kwa kiganja.
"Hapa pana utelezi mno. Itie pezi.
Likishuka, mkia utayashika maji.
Ukifika kwenye mawe, livute, lilale ndani."
Halafu ndipo akacheka:
"Ila sharti uipasue kwanza."

Pezi nimelikata kwenye ubao wa plastiki wa jikoni.
Bado lina makovu ya kisu, ya vitunguu vya miaka mingi,
na Kagoya hajauliza ubao uko wapi.
Anajua. Anakatia nyanya kiganjani,
ananitazama.

Kisanduku ni chembamba kama kitabu cha sala,
kimefumba juu, kimeachama chini.
Waya ni wa breki, kutoka baiskeli ya mwalimu
aliyehamia Kamuli na deni la Bikadho.
Utapita ndani ya ala yake hadi ubavuni pangu,
kwenye kifundo nilichochonga kwa mti wa mpera.

Urefu wa ufa, shibiri moja.
Upana, unene wa pezi na nafasi ya sarafu.
Nimepima mara tatu. Nimekunywa chai.
Nimepima.

Keekee ikapenya. Kisha msumeno.
Unga mwekundu ukamwagika juu ya viatu vyangu,
na kwa mara ya kwanza niliona mwanga
ukipita kati ya mwili wa kayaki yangu,
mstari mwembamba, sakafuni.
Kagoya akatokea mlangoni:
"Umeiharibu?"
"Bado."

Usiku gundi ilikataa kukauka, mvua ilikuwa hewani.
Niliamka mara mbili kuigusa,
kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.
Asubuhi nilijaza kisanduku maji kwa kikombe,
nikapitisha karatasi kavu kwenye kingo zote.
Karatasi ikabaki kavu.
Nilitaka kumwonyesha mtu. Kuku tu walikuwepo.

Jaribio la kwanza pezi likagoma.
Niliposukuma kayaki kutoka mchangani
kokoto moja iliingia ufani, ikakaa kama mwenye nyumba.
Kifundo hakiendi mbele wala nyuma.
Nangobi akaingia majini hadi kifuani,
akapenyeza kidole chembamba,
akaitoa, akaitia mfukoni mwa sare ya shule.
"Toboa tundu kwenye pezi lenyewe," alisema,
"utie kamba. Kikikwama nitavuta kwa nyuma."
Tundu jingine!

Jioni nilivuka.
Kulia moja, kushoto moja.
Upepo uleule ulinisukuma ubavuni, pua ikanyooka.
Nyuma yangu, ndani ya kisanduku,
maji yalikuwa yakipanda na kushuka, yakigonga taratibu.
Ziwa limo ndani ya kayaki,
nami makalio makavu.

Ubao mpya ni shilingi elfu kumi na tano.
Nimemwambia Kagoya kesho.